Siku Baiskeli ya Mwalimu Perez Iliponyamaza

Kaloleni, Kisumu
Jumapili, Agosti 1996

Kwako Baba mpendwa,

Pokea salamu kutoka huku kwenye joto. Sisi tu wazima, mimi na Wangari na mtoto, ila mtoto ametokwa na upele wa joto mgongoni na mama yake anampaka poda mpaka anafanana na andazi kabla halijatiwa kwenye mafuta. Nyinyi je? Goti la Mama linavumiliaje baridi ya Agosti huko mlimani? Kahawa imebeba vizuri? Yule ng'ombe mwekundu amezaa au bado anawachezea tu? Masikio yako siyaulizii, maana ulishaniambia niache kuulizia kitu kisichobadilika.

Naandika kwa Kiswahili kama tulivyozoea, kwa kuwa ndicho ulichojifunzia kusoma kwenye madarasa ya ngumbaro ukiwa tayari na mvi. Nikiwaambia watu wa huku kwamba mimi na baba yangu huongea vizuri zaidi kwa barua kuliko uso kwa uso, hunitazama kama mtu aliyepigwa na jua. Hawajui kwamba uso kwa uso ni lazima nipige kelele mpaka majirani wote wajue mambo yetu. Kwenye karatasi naweza hata kukunong'oneza.

Sasa, katika barua yako ya mwisho uliandika kwa herufi kubwa: BAISKELI YA UMEME HAKUNA. NANI AMEKUDANGANYA? Baba, ipo. Nimeifungua kwa mikono hii hii, nikaiharibu, nikaitengeneza, na nimeona ndani yake mambo ambayo mpaka sasa nikifumba macho yananirudia. Tafuta mahali penye mwanga, uvae miwani, nikuhadithie yote.

Mwenye baiskeli ni Mwalimu Perez, mwanamke anayefundisha darasa la kwanza katika shule moja upande wa Nyalenda. Mguu wake wa kushoto uliharibiwa na polio akiwa mtoto. Ni mwembamba kama mkono wangu na hauna nguvu ya kukanyaga pedali. Maisha yake yote amebebwa. Kwanza mgongoni kwa mama yake, kisha kwenye karia ya baiskeli ya kaka yake, na sasa kwa vijana wa boda boda. Huku boda boda ni baiskeli yenye mto nyuma, abiria anakaa hapo na kijana anakanyaga. Vijana hao wana adabu ya siku na siku. Wakiwa na haraka humpita kama hawamwoni, kwa sababu kumpandisha na kumshusha kunachukua muda.

Baiskeli ya umeme ililetwa na mume na mke Wazungu waliokuwa wakifundisha ufundi kwenye kanisa lake. Walipoondoka waliiacha mikononi mwa kanisa. Ikakaa stoo mvua mbili na jua mbili, hadi mtu mmoja akakumbuka kwamba ile haihitaji miguu miwili. Ina betri nzito kwenye sanduku nyuma, na ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma kuna mota. Unazungusha kishikio kidogo, inakwenda. Mwalimu akajifunza kwa siku tatu uwanjani, akaanguka mara mbili, na siku ya nne akaenda shuleni peke yake.

Akaniambia hivi, na nikaacha spana nimsikilize: "Fundi, mimi niko na miaka thelathini na nane. Hiyo ilikuwa siku ya kwanza nimetoka kwa nyumba bila kuomba mtu."

Lakini Baba, ilikuwa inalia! Siku aliyoileta kwenye kibanda changu niliisikia ikiwa bado kule kwenye kona ya mwisho. Ilikuwa sauti ya bati linalokokotwa juu ya lami, ila nyembamba zaidi, inayokwenda moja kwa moja kwenye meno. Wateja wangu waliziba masikio. Mama Akinyi, anayekaanga samaki karibu na kibanda changu, aliachilia mwiko ukaanguka kwenye majivu.

Na haikuwa kero tu. Wiki hiyo, kule Nyalenda, fahali mmoja aliyekuwa akipelekwa machinjioni aliisikia ikija, akakata kamba na kuparamia mkokoteni wa maji. Madebe yote yakamwagika na mwenye mkokoteni akavunjika kidole. Wazee wa kanisa wakakaa kikao. Wakampa Mwalimu wiki mbili: ikiwa baada ya wiki mbili baiskeli bado inalia, inarudi stoo. Naye anarudi kwenye karia.

"Kwa hivyo nimeleta kwako," akasema, akiegemea fimbo yake. "Wengine wote wameniambia hawajui ndani kuna nini."

Hata mimi sikujua. Nikamwambia aiache.

Kuifungua tu kulinichukua asubuhi nzima, kwa sababu bolti zake zina matundu ya pembe sita na mimi sina ufunguo wa namna hiyo. Nilichukua bolti kuukuu nikaisugua kwa tupa, najaribu, nasugua tena, mpaka ikaingia sawasawa. Kifuniko kilipotoka nilitazama ndani, na Baba, nilivua kofia. Mama Akinyi akaniuliza kama nimekuta maiti.

Katikati kuna gia moja ndogo ya chuma, imetoka moja kwa moja kwenye mota. Imezungukwa na gia tatu nyeupe, kila moja kubwa kidogo kuliko kifuniko cha soda. Na hizo tatu zimekaa ndani ya pete ya chuma ambayo meno yake yanatazama ndani badala ya nje. Hebu fikiria: kila gia nyeupe inauma pande mbili kwa wakati mmoja, ndani na nje. Mota inazunguka haraka sana, jicho haliwezi kuifuata, lakini haina nguvu. Ukiigusa kwa kidole inasimama. Gurudumu nalo linataka kwenda polepole na kwa nguvu ya kumpandisha mtu mlima. Hizo gia tatu zinakaa katikati na kuwapatanisha. Nguvu yote iliyombeba mtu mzima hadi shuleni imepita kwenye vitu vitatu ambavyo ningeweza kuvificha kwenye ngumi moja. Nilikaa juu ya kreti nikizizungusha kwa kidole, huku na huku, kwa muda ambao Wangari anasema ni saa nzima. Yule aliyefikiria jambo hili kwanza, alilifikiria akiwa amekaa wapi? Alikuwa anakula nini?

Na hizo nyeupe si chuma. Ni nailoni. Mafuta waliyopaka huko kiwandani yalikuwa yamekauka, yamebaki maganda ya kahawia, na maji ya mvua yalikuwa yamepita. Meno yalikuwa yanasuguana makavu. Nikajiambia, kumbe ni jambo dogo, ni grisi tu.

Hapo ndipo mwanao alipoanza kujiaibisha.

Kwanza nilipaka grisi nyeusi ya lori, ile ninayopaka beringi zote. Kelele ilipungua, lakini grisi ile ilikuwa nzito kama ugali wa jana. Mota ikaguna, na betri ikaisha kabla Mwalimu hajafika nusu ya njia. Boda boda ndiyo iliyomfikisha siku hiyo, baiskeli ikisukumwa nyuma kama mgonjwa.

Mama Akinyi alikuwa akitazama yote hayo akiwa kwenye karai lake. Yeye hukaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayobaki viwandani baada ya minofu kupelekwa Ulaya. Mbuta ni samaki mkubwa wa ziwa hili, wengine wanamzidi mtoto wa darasa la tatu, na ana mafuta mengi ajabu. Ukikaanga mifupa yake huhitaji kutia mafuta. Unamaliza ukiwa na mafuta mengi kuliko ulivyoanza.

"Wewe Fundi unajisumbua bure," akasema. "Ndugu yangu huko Usenge anapaka hii mafuta ya mbuta kwa kila kitu. Mkasi, kufuli, hata ile chuma ya kasia. Haijawahi lia."

Akaninyooshea kijiko. Yalikuwa ya rangi ya dhahabu, safi, unaona kidole chako upande wa pili. Niliyasugua mkononi, yakateleza kuliko kitu chochote nilichowahi kushika. Baba, nilishawishika kabisa. Niliosha grisi nyeusi yote, nikamimina mafuta ya mbuta mpaka kitovu kikajaa, nikafunga.

Na ikanyamaza! Siku mbili nzima ilikwenda bila neno. Nilitembea Kaloleni kifua mbele. Mama Akinyi aliwaambia wateja wote kwamba sisi ni washirika.

Siku ya tatu jua la hapa likafanya kazi yake. Baiskeli ilikuwa imesimama nje ya darasa tangu asubuhi, mafuta yakawa maji, yakapenya kwenye kitovu na kutiririka juu ya spoku na tairi. Mwalimu alirudi akifuatwa na mbwa watatu. Jumapili alipoiegesha ukutani mwa kanisa, paka wa mtaa walikuja kuiramba, na ilipoletwa ndani kivulini paka wanne wakaingia nayo, wakaketi kwenye njia ya katikati kana kwamba wanasubiri sakramenti. Mwenyekiti wa wazee alisimamisha matangazo na kumtazama Mwalimu kwa muda mrefu.

Yale yaliyobaki ndani yalishikana na vumbi yakawa gundi. Kilio kikarudi, tena sasa kina kikohozi. Wiki moja ilikuwa imekwisha.

"Aii," Mama Akinyi akasema, akicheka huku machozi yanamtoka. "Nimeona Okuyu wengi hapa Kisumu, wanauza hii na ile. Wewe ndiyo wa kwanza kukaanga baiskeli."

Okuyu ndivyo Waluo wanavyotuita sisi Wakikuyu. Nilicheka na mimi, lakini moyoni nilikuwa na hofu. Mwalimu hakunilaumu. Alisema tu, "Jaribu tena, Fundi," akasimama kando ya barabara na fimbo yake kungojea boda boda. Wawili walimpita. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nilipokuwa mvulana.

Sasa nikujulishe Mzee Okello. Ni jirani yangu hapa Kaloleni, mstaafu. Maisha yake yote alikuwa mtia mafuta kwenye meli za ziwa hili, chini kabisa kwenye injini, na kopo lake mkononi. Kila siku hukaa kwenye benchi langu akisoma gazeti la juzi. Siku hiyo alilikunja.

"Fundi, kwani utaniuliza lini?"

"Mzee, mbona hukusema mapema?"

"Ulikuwa na furaha na samaki yako. Sikutaka kukuharibia."

Akanituma nitafute kipande cha bati. Tukakiegemeza ukutani kwenye jua kali na kupaka juu yake kila kitu kinachoteleza tulichoweza kupata: mafuta ya mbuta, grisi nyeusi, mafuta ya cherehani, mafuta ya kujipaka ya Wangari, hata ya kupikia. Kisha tukakaa tukitazama. Nilidhani ni mchezo wa wazee. Lakini kufikia saa saba mchana yote yalikuwa yameteremka chini ya bati, isipokuwa grisi nyeusi, ambayo tulishaikataa.

"Unaona," akasema Mzee Okello. "Jua imekuambia bure. Sasa leta kidole." Akachukua tone la grisi kati ya kidole gumba na cha shahada, akavibana na kuviachanisha polepole. "Hapa inatakiwa ifanye uzi fupi, halafu ikatike bila haraka. Ikikatika mara moja, gia itaitupa nje. Ikikataa kukatika, itakula nguvu ya mota. Mimi nimefanya hivi miaka yote. Injini kubwa kama hii nyumba, na unaipima kwa vidole mbili."

Lakini alikiri hajui nailoni. Kwenye meli kila kitu kilikuwa chuma. Basi tukakaa hapo, tumekwama, redio ya Mama Akinyi ikicheza kaseti ya kwaya. Nami nikaitazama ile redio, Baba, nikaruka. Nilishawahi kuona gia nyeupe za nailoni. Ziko ndani ya kila redio ya kaseti! Ni ndogo, lakini ni ndugu wa hizi, na hazilii.

Nilikwenda kwa fundi wa redio karibu na stendi ya basi. Aliponisikiliza alivuta kutoka chini ya meza kikopo kidogo kama cha dawa ya viatu. Ndani mlikuwa na grisi nyeupe, laini, isiyo na harufu. Alinitilia kwenye kifuniko cha soda na kusema haili nailoni, ameitumia miaka mingi. Tuliipaka kwenye bati asubuhi. Saa saba ilikuwa pale pale. Saa tisa ilikuwa pale pale. Mzee Okello akaivuta kati ya vidole, uzi mfupi ukatokea, ukakatika bila haraka. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani.

Niliziosha gia kwa sabuni na maji ya moto mara nne, mpaka Mama Akinyi akanusa na kukiri kwamba samaki ameondoka. Nikazikausha kivulini. Kisha nikataka kujaza kitovu kama nilivyofanya na mafuta ya mbuta, na Mzee akanishika mkono.

"Wacha hiyo tabia. Hii meno unaipaka kama midomo. Huiogeshi."

Basi nikapaka kwa kijiti cha kiberiti, jino kwa jino, pande zote mbili, na utando mwembamba kwenye pete. Nilitumia nusu tu ya kifuniko. Nikafunga, tukaliinua gurudumu, Mwalimu mwenyewe akazungusha kishikio. Kilio hakikuwepo. Watu wakapiga makofi. Lakini mimi nilisikia kitu. Tik. Kidogo sana. Tik. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, na wazee walikuwa wanaingojea Jumapili.

"Hiyo ni kidogo," wakasema. "Hiyo itapita."

Baba, wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba haipiti. Nakuona kwenye kiwanda cha kahawa, kando ya mashine ya kumenya, ukiwa umeiinamia na ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini katikati ya meno yako. Masikio yalikuwa yamekwisha kufa kwa kelele ya gia zile, ukaanza kusikia kwa meno. Wenzangu wa shule walikuwa wakipita na kucheka kwamba baba yangu anakula mashine. Nami nilikuwa nacheka nao, ili wasijue ni wangu. Hilo sijawahi kukuambia.

Nilichukua bisibisi ndefu, nikagusa ncha kwenye ganda la mota, nikauma mpini, nikaziba masikio yote mawili. Vijana wa boda boda walianguka kwa kicheko. "Fundi njaa imezidi! Anatafuna bisibisi!" Nilisikia kicheko chao kwa mbali, kama kilichoko ng'ambo ya ziwa. Lakini ndani ya kichwa changu, Baba, mlifunguka nyumba nzima. Nilisikia mota ikivuma. Nilisikia beringi, kulia na kushoto, kila moja na sauti yake. Nilisikia gia tatu zikipita, moja, mbili, tatu, na moja yao ikidokoa. Moja, mbili, tik. Moja, mbili, tik. Nilitaka kulia kwa mshangao. Miaka yote ile ulikuwa unasikia hivi, na sisi tukidhani uko kimya!

Mzee Okello alikuwa amesimama. "Nyamazeni," akawaambia wale vijana. "Huyu amefunzwa na mtu."

Nikafungua tena. Nikazichunguza zile gia moja moja kwenye mwanga, jino kwa jino. Kwenye ya tatu nikakuta chembe ya mchanga imezama ndani ya nailoni, ndogo kuliko mbegu ya sukuma wiki. Wangari akanipa sindano yake, nikaichokoa, nikalainisha pale kwa ukucha, nikapaka tena. Nikafunga. Nikauma bisibisi. Safari hii kulikuwa na mvumo mmoja tu, laini, hauna mwanzo wala mwisho. Nilikaa nao mpaka Mwalimu akanigusa bega na kuuliza kama nimelala.

Kesho yake wazee wa kanisa walisimama kwenye lango mapema, wamekunja mikono, wanatazama barabara. Nilikwenda na mimi, ingawa kanisa langu ni jingine. Tukangoja. Kengele ya pili ikalia. Mwenyekiti akatazama saa na kusema basi, huyu mama ameogopa kuja. Tukaingia, na Mwalimu Perez alikuwa ameketi safu ya pili, ameshafungua kitabu cha nyimbo.

"Mwalimu, ile kitu iko wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Iko hapo nje. Nimeingia na njia ya upande, nikapita nyuma yenu mkiongea juu yangu."

Mwenyekiti hakuamini. Baada ya ibada alimtaka aizungushe uwanjani mbele ya watu wote, yeye akimfuata kwa miguu na sikio lake limeinamia gurudumu, mzee wa watu, koti linapepea. Alizunguka naye mara mbili. Kisha akasimama akihema na kusema, "Basi. Iende."

Nilidhani Mwalimu atashangilia au atalia. Hakufanya lolote. Alipanda, akatoka langoni, akaenda. Jioni alipita kwenye kibanda na vumbi usoni. "Nimeenda mpaka Dunga, Fundi," akasema. "Pale ziwani. Sikuwa na kazi huko. Nimeenda tu." Alinieleza jinsi magugu yalivyofunika maji hadi mbali, kijani kitupu, na ndege weupe wamesimama juu yake kama kwenye shamba. Alifika karibu nao kabisa. Hawakuruka, kwa sababu hawakumsikia.

Haya, salamu niziweke hapa kabla ya lililobaki, kwa kuwa lililobaki ni letu wawili. Msalimie Mama sana, mwambie zile soksi za mtoto zimefika ingawa huku hata Mungu hatuombi soksi. Msalimie dada yangu mkubwa na shemeji, na Nyanya aliyenilea, na yule jirani yetu mwenye duka anayetuletea barua kutoka posta. Wangari anakusalimu na kusema ukate nywele za masikio. Mzee Okello, ambaye hujamwona, anakusalimu pia. Anasema mwambie huyo mzee kwamba nafasi kwenye benchi ipo.

Sasa, Baba. Alhamisi iliyopita nilikuwa nimeinama nikigonga ekseli, mgongo kwa barabara. Mwalimu Perez alikuja na baiskeli yake mpaka nyuma yangu, akasimama, akaninyooshea mkono begani. Sikusikia kitu. Nilipoguswa, niligeuka na nyundo ikiwa juu. Baba, mkono ulikuwa tayari umeanza kushuka. Uliishia karibu kabisa na uso wake. Tulitazamana, yeye na mimi, kisha akacheka na kusema kumbe nimetengeneza vizuri kupita kiasi. Sikuweza kucheka. Niliketi chini kwenye vumbi.

Nilikuwa darasa la nne. Nilikuja kiwandani na matokeo yangu, nimekuwa wa pili, nikakimbia nikakukumbatia kwa nyuma ukiwa kwenye mashine. Uligeuka ukanipiga kofi nikaanguka kwenye maganda ya kahawa. Sikurudi tena kiwandani. Ulikuja nyumbani na ndizi mbivu ukaziweka kitandani kwangu, nami sikuzila, na hatujawahi kulizungumza. Nimekununia kimya kimya miaka hii yote, hata nilipokuja kuishi mbali hivi, sababu mojawapo ilikuwa hiyo.

Hukunisikia tu. Nimelijua hilo Alhamisi, nyundo ikiwa mkononi mwangu. Nisamehe kwa zile ndizi.

Nitakuja Desemba, na kikopo cha ile grisi nyeupe. Nitapita uani mbele ya dirisha lako, si kwa mlango wa nyuma, nisimame hapo kwenye mwanga mpaka unione kwanza.

Mwanao,
Wachira